Bajaji ya Umeme: Soma Profoma Kabla ya Kusaini

Makala hii inamhusu yeyote ambaye yeye mwenyewe, ndugu yake au kikundi chake anafikiria kuingiza hela kwenye bajaji, bodaboda au gari la umeme kwa ajili ya biashara. Tuko wengi kuliko tunavyodhani. Bumu likitoka, kuna makundi humu chuoni yanayochangishana, yananunua pikipiki na kumkabidhi kijana wa kijiweni kwa mkataba. Siku hizi wauzaji wanakuja na vyombo vya umeme, na karatasi wanazotuachia zimejaa herufi na namba: kWh, Ah, V, BMS, IP67. Mtu anazitazama, anatikisa kichwa kama ameelewa, halafu anauliza bei tu.

Hoja yangu ni moja. Kila neno kwenye karatasi ile ni neno la hela. Linasema nani atalipa nini, lini, na chombo kikigoma hasara ni ya nani.

Mimi ni mwanafunzi wa ualimu, Fizikia na Hisabati, ninasoma hapa Iringa na nyumbani ni Mbeya. Baba mdogo wangu ana bajaji sita za petroli pale Mbeya, zinazozunguka Uyole, Mafiati na Mwanjelwa. Muhula huu alipewa profoma ya bajaji tano za umeme. Mpango wake ulikuwa auze bajaji nne za petroli apate malipo ya awali, deni linalobaki alimalize kwa miezi 24. Bajaji hizo ndizo zinazosomesha wadogo zangu wanne, na zinafidia ile sehemu ya ada yangu ambayo mkopo wa Bodi haukuifikia. Alinitumia picha ya profoma kwa simu na ujumbe mfupi: "Mwalimu, soma hii uniambie nisaini au nisisaini." Niliyomweleza ndiyo haya, kwa mpangilio ule ule wa karatasi yake.

Kilowati na kilowati-saa

Tuanze na LUKU, maana hiyo kila mtu anaijua. Ukinunua umeme unapewa uniti. Uniti moja ya LUKU ni kilowati-saa moja, na ndiyo hiyo wanayoiandika kWh. Kwa hiyo ukisoma kwamba betri ya bajaji ni 7.2 kWh, maana yake ikijaa inabeba uniti 7.2. Basi.

Kilowati, yaani kW, ni kitu kingine. Hiyo ni nguvu, kasi ya kutumia umeme. Fikiria bomba na ndoo: kilowati ni jinsi bomba linavyotoa maji kwa kasi, kilowati-saa ni maji yaliyomo kwenye ndoo. Jagi la umeme la kilowati 2, lile ambalo uongozi wa hosteli hautaki hata kulisikia, likiwaka nusu saa limekula uniti moja. Kwenye bajaji, kW ya mota inakuambia kama itapanda mlima ikiwa na abiria watatu; kWh ya betri inakuambia itafika umbali gani. Muuzaji akijibu swali la umbali kwa kutaja nguvu ya mota, bado hajakujibu.

Volti na ampea-saa

Hapa ndipo watu wengi wanapopigwa. Profoma ya baba mdogo ilisema tu "betri 100Ah". Ah ni ampea-saa, nayo peke yake haisemi betri ina uniti ngapi. Lazima uizidishe kwa volti, kisha ugawanye kwa 1,000. Betri ya volti 72 na ampea-saa 100 ina uniti 7.2. Betri ya volti 60 yenye ampea-saa hizo hizo 100 ina uniti 6. Karatasi zote mbili zinaweza kuandikwa "100Ah", na pungufu ni zaidi ya uniti moja kwa kila chaji.

Kwa pikipiki ni hivyo hivyo. Volti 48 mara ampea-saa 60 ni uniti 2.88. Volti 72 mara ampea-saa 40 ni uniti 2.88 vilevile. Mtu akikuambia "hii ni ya 60, ile ni ya 40 tu", jua zinalingana. Baba mdogo alipiga simu kuuliza volti, akajibiwa ni 72. Nikamwomba adai iandikwe kwenye profoma, maana neno la simu halimbani mtu.

Litiamu au asidi

Betri ya asidi ni jamaa ya ile ya kwenye gari. Bei yake ni nafuu, lakini ni nzito, na ukiimaliza chaji mara kwa mara inakufa mapema; busara ni kutumia kama nusu tu ya chaji yake. Betri ya litiamu ni nyepesi, unaweza kutumia sehemu kubwa ya chaji yake, na inavumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi. Nyingi za vyombo vya biashara ni za litiamu na fosfeti ya chuma, zinazoandikwa LFP. Aina hiyo inasifika kwa kudumu na kwa kuwa ngumu kushika moto kuliko aina nyingine za litiamu.

Herufi BMS ni mfumo wa kielektroniki unaoilinda betri: unazuia isijazwe kupita kiasi, isikauke kabisa, isipate joto kali. Betri ya litiamu isiyo na BMS usiilaze ndani ya nyumba wanamolala watoto. Herufi SOC ni asilimia ya chaji iliyobaki sasa hivi, kama kwenye simu yako. SOH ni afya ya betri, yaani leo inabeba kiasi gani ukilinganisha na siku ilipotoka kiwandani. Simu ya miaka mitatu inaweza kuonyesha chaji asilimia 100 na bado ikazima kabla ya kipindi cha mchana. SOC yake ilikuwa 100, SOH ndiyo iliyoanguka.

Masafa ya chaji moja, na milima yetu

Profoma ilisema: kilomita 120 kwa chaji moja. Namba ya namna hii si lazima iwe uongo. Ila kwa kawaida imepatikana kwenye barabara tambarare, mwendo wa taratibu, mzigo mdogo, betri mpya. Sisi tunaishi Nyanda za Juu Kusini. Nilipiga hesabu upya kwa fizikia ya kidato cha tatu.

Bajaji ikiwa na dereva na abiria watatu ina uzito wa kama kilo 700. Kuipandisha mita 100 kwenda juu kunahitaji uzito huo mara 9.8 mara 100, yaani jouli 686,000, sawa na uniti 0.19. Ukiweka na kinachopotea kwenye mota na magurudumu, inafika kama 0.24. Kwenye tambarare, kwa namba za muuzaji mwenyewe (uniti 7.2 kwa kilomita 120), bajaji inakula uniti 0.06 kwa kilomita. Kwa hiyo kila unapopanda mita 100 umetumia umeme wa kilomita 4 zaidi ya zile ulizotembea. Dereva anayepandisha abiria kutoka Ipogolo kuja Iringa mjini mara nane kwa siku anajua mafuta yake yanakwenda wapi. Betri nayo itamwambia hivyo hivyo.

Nikachukua matumizi ya uniti 0.08 kwa kilomita kwa sababu ya milima, abiria na kusimama kila dakika. Nikachukua pia kwamba hatutumii betri mpaka sifuri, bali uniti kama 6.5 kati ya 7.2. Gawanya 6.5 kwa 0.08 unapata kilomita 81. Madereva wa baba mdogo wanatembea kama kilomita 100 kwa siku. Kwenye karatasi chaji moja ilitosha na ikabaki. Barabarani, saa kumi jioni, abiria wanaanza kurudi nyumbani na bajaji imekata.

Kuna dawa, ila lazima ipangwe kabla. Dereva akichaji saa mbili za mchana, wakati kijiwe kimepoa, kwa chaja ya kilowati 1 anapata kama kilomita 22. Jumla inakuwa 103. Inatosha kwa kubana, na inahitaji mahali pa kuchaji karibu na kijiwe, si nyumbani kwa tajiri peke yake.

Kuna jambo la kuwatetea watu wa umeme pia, maana haki ni haki. Injini ya petroli inahitaji hewa, na huku juu hewa ni nyepesi. Kwa injini za kawaida, kila ukipanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari unapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu. Mbeya mjini ni kama mita 1,700. Mota ya umeme haivuti hewa, kwa hiyo haipungukiwi chochote kwa sababu ya mwinuko. Bajaji ya umeme iliyopimwa Dar itapanda mlima wa Mbeya kwa nguvu ile ile, ilimradi betri ina chaji.

Baridi ya Juni na Julai nayo ina neno lake. Betri ikipoa hutoa chaji pungufu kidogo, na betri ya litiamu haifai kuchajiwa ikiwa imefika nyuzi sifuri. Mjini si rahisi kufika huko, lakini mtu wa Kitulo anayeona barafu kwenye majani asubuhi ni vizuri achajie ndani, pakavu.

Breki inayorudisha umeme

Ukishuka mlima na kuachia mafuta, mota inageuka kuwa jenereta, inakipunguza mwendo chombo na kurudisha umeme kwenye betri. Muuzaji anapenda sana kulitaja hili. Ni kweli, ila kinachorudi ni sehemu tu ya ulichotumia kupanda. Halafu kuna hili: betri iliyojaa haina pa kuupokea umeme. Dereva anayetoka Iringa mjini asubuhi na chaji asilimia 100, akateremka moja kwa moja hadi Ipogolo, harudishiwi kitu cha maana, na breki hiyo inaweza kumshikia kidogo kuliko alivyozoea. Kwa hiyo breki za kawaida ziangaliwe kama kawaida.

Namba za IP

IP67 inaonekana kama namba ya siri, lakini inasomeka. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, na 6 maana yake vumbi haliingii kabisa. Ya pili ni maji: 5 inavumilia maji ya kurushwa kwa bomba, 7 inavumilia kuzama hadi mita moja kwa nusu saa. Kwa mvua za Mbeya, na kwa tabia yetu ya kuosha bajaji mtoni, usikubali profoma inayosema tu "haipitishi maji". Dai namba, na uliza ni ya betri, ya mota au ya kontrola.

Kuchaji na kubadilisha betri

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchomeka chaja ukasubiri. Muda unaupata kwa kugawanya uniti kwa kilowati za chaja: uniti 7 kwa chaja ya kilowati 1 ni saa 7 na zaidi kidogo, yaani usiku mzima. Kwenye meta nazo zitatoka nyingi kuliko zinazoingia kwenye betri, kwa sababu chaja yenyewe inapoteza joto. Kwa kilomita 100 betri inataka uniti 8, LUKU itakata kama 9.

Soketi ya kawaida ya ampea 13 haipaswi kupita kilowati 3 hivi. Bajaji tano za kilowati 1 zikichomekwa kwenye eksitensheni moja, zinavuta karibu ampea 22. Hapo unatafuta moto. Wenye magari mengi hupanga kuchaji kwa zamu, au wanaita fundi umeme avute laini ya kila chaja. Gharama hiyo haimo kwenye profoma.

Kuna pia suala la nyumba za kupanga. Mteja anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi yuko kwenye kundi la bei ya chini. Bajaji moja tu, uniti 9 kwa siku 26, ni uniti 234. Kundi hilo umeshalitoka. Kama mnachangia meta moja wapangaji sita, majirani watataka maelezo.

Njia ya pili ni kubadilisha betri: unafika kituoni, unaacha iliyokwisha, unapewa iliyojaa, unaondoka ndani ya dakika chache. Kampuni ya Ampersand imejenga biashara yake Kigali kwa njia hiyo. Dereva ananunua pikipiki, betri inabaki ya kampuni na analipia umeme anaochukua. Rwanda ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria Kigali zitasajiliwa za umeme tu. Nairobi, BasiGo ilianza kwa kuwauzia wenye mabasi basi bila gharama ya betri, kisha walilipa kwa kila kilomita, na malipo hayo yalibeba betri, kuchaji na matengenezo.

Mpango wa namna hiyo unakuondolea hofu ya betri kufa, lakini unakufunga kwa mwenye betri. Bei ya kubadilisha ikipanda, utalipa. Kituo kikiwa Mwanjelwa na betri imekwisha Mbalizi, utasukuma. Na vyombo vingi vya mkopo vina mfumo wa kufuatilia unaoweza kukizima chombo kwa mbali malipo yakichelewa. Mkataba uonyeshe wazi: kwa notisi ya siku ngapi?

Mizunguko na waranti

Mzunguko mmoja ni kutumia chaji kamili moja, hata kama umeigawa mara mbili. Muuzaji alitaja mizunguko 2,000. Kilomita 100 kwa siku ni kama mzunguko mmoja na robo; kwa siku 26 ni kama 32 kwa mwezi. 2,000 gawanya kwa 32 ni miezi 62, miaka mitano. Mimi nilihesabu minne kwa sababu ya mashimo, milima na madereva wa deiwaka.

Kisha soma waranti. Iliandikwa: "Miaka 3 au kilomita 50,000, kipi kitatangulia." Baba mdogo aliona miaka 3. Nikamwambia atazame kilomita. Bajaji yake inatembea 2,600 kwa mwezi. 50,000 zinaisha mwezi wa ishirini. Mkopo ni wa miezi 24. Maana yake, miezi minne ya mwisho ya deni anailipa huku betri ikifa ni juu yake. Hapo ndipo aliponyamaza kwenye simu. Muulize muuzaji pia waranti inaanza kufanya kazi SOH ikishuka hadi ngapi, asilimia 80 au 60, maana betri ya asilimia 65 bado "inafanya kazi", ila masafa yake yameshaporomoka.

Gharama kamili, na akiba ni ya nani

Wenye makampuni hutumia herufi TCO, gharama kamili ya kumiliki chombo: bei ya kununua, nishati, matengenezo, bima, betri, ukitoa utakachopata ukikiuza. Muuzaji alimwonyesha baba mdogo hesabu hiyo na ikang'aa. Tuipitie kwa namba rahisi: petroli shilingi 3,000 kwa lita, umeme shilingi 360 kwa uniti.

Kilomita 100 kwa petroli ni kama lita 4, shilingi 12,000. Kwa umeme ni uniti 9, shilingi 3,240. Akiba ni shilingi 8,760 kwa siku kwa kila bajaji. Ni kweli, na ni kubwa.

Lakini kwenye biashara yetu ya bajaji, tajiri hanunui petroli. Dereva ndiye anayenunua, kisha analeta hesabu ya siku, tuseme 20,000. Ukimpa bajaji ya umeme aichaji mwenyewe na hesabu ikabaki ile ile, akiba yote ni yake, na deni la mkopo ni lako. Ukichajia nyumbani kwako bila kubadili hesabu, umejiongezea bili ya LUKU. Karatasi ya muuzaji haimjui dereva kabisa. Imeandikwa kwa mtu anayelipa mafuta mwenyewe.

Tuseme mnakubaliana hesabu iwe 28,000, tajiri achaji. Dereva alikuwa anatoa 32,000 ukijumlisha petroli, sasa anatoa 28,000: amepata 4,000. Tajiri anabaki na 24,760 baada ya umeme badala ya 20,000: amepata 4,760. Kwa siku 26 ni shilingi 123,760 kwa mwezi. Sasa weka betri. Baba mdogo alitajiwa betri mpya shilingi milioni 4.8. Ikidumu miaka minne, kila mwezi inatakiwa iwekwe pembeni shilingi 100,000. Kinachobaki ni 23,760, pamoja na kile unachookoa kwa kutobadilisha oili na plagi. Biashara bado ina faida. Ila asiyeweka ile laki moja pembeni atakula betri yake kidogo kidogo akidhani anakula faida, na mwaka wa nne ataanza kukopa upya.

Hela hizi zina upande mwingine ninaoupenda. Petroli yetu inashuka melini pwani, inapanda Kitonga kwa malori. Umeme, sehemu yake ni maji yetu. Ruaha Mkuu unatoka kwenye nyanda hizi na kupita Usangu. Ruaha Mdogo unapita hapa Ipogolo na kuungana nao. Maji hayo yanazungusha mitambo ya Mtera na Kidatu, kisha yanaingia Rufiji, kwenye bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Sipingi bajaji za umeme hata kidogo. Ninataka wanaozinunua wabaki nazo.

Alichoamua, na maswali ya kubeba

Baba mdogo hakusaini. Aliwaita madereva wake wote sita wakakaa kijiweni, akawasomea namba hizi. Mzee wa kijiwe akauliza swali ambalo mimi sikuliwaza: spea ya kontrola inapatikana Mbeya au mpaka Dar, na siku tatu za kusubiri hesabu analeta nani? Wakakubaliana bajaji za petroli zisiuzwe kwanza. Muuzaji alete moja wiki mbili, ibebe abiria, ipande milima, LUKU isomwe kila asubuhi. Ikifaulu, waanze na mbili.

Ukiletewa profoma yako, yauliza haya na uyataka kwa maandishi:

1. Betri ni volti ngapi na ampea-saa ngapi? Zidisha mwenyewe.
2. Ni litiamu ya aina gani, na ina BMS?
3. Masafa yamepimwa kwa mzigo gani na barabara gani? Tunaweza kujaribu hapa kwetu?
4. Betri ni ya nani, na bei ya mpya ni kiasi gani leo?
5. Waranti inaisha kwa miaka au kilomita? Kwa kilomita zetu ni mwezi wa ngapi, na deni linaisha lini?
6. Chombo kinaweza kuzimwa kwa mbali? Kwa masharti gani?
7. Fundi na spea viko mji gani?
8. Nani atalipa umeme, na hesabu ya dereva itabadilika vipi?

Swali la nane halimhusu muuzaji. Hilo ni la kwenu, kikundi na dereva wenu, na lijibiwe kabla hela haijatoka.

Neno la mwisho kwa walimu wenzangu watarajiwa. Fizikia ya umeme tunaisoma sekondari kwa Kiingereza, tunaijibu kwenye mtihani, tunaiacha pale. Dereva wa Mwanjelwa anaihitaji kwa Kiswahili, na ana LUKU nyumbani kwake, ambayo ni maabara tosha. Mkienda mazoezi ya kufundisha, chukueni kipindi kimoja cha nguvu ya umeme mkifanyie hesabu za bajaji. Wanafunzi watakwenda nazo nyumbani. Orodha hii ya maswali nimeibandika pia kwenye ubao wa matangazo wa serikali ya wanafunzi, karibu na ratiba ya mitihani, ipigeni picha.